Dakika Arobaini

Mashine imefungwa Pugu Kinyamwezi, chini ya bati jipya:
roli mbili zenye meno, kila jino uzito wa mtoto mchanga.
Haina papara. Inazunguka taratibu
kama mgeni aliyekwisha shiba
ila sahani bado zinaletwa.

Inakula tairi la bajaji.
Inakula godoro, springi tumeshazichomoa,
madumu, ndara zisizo na wenzake,
viroba vya unga, nywele bandia za saluni za Sinza,
bango la mgombea aliyeshindwa,
tabasamu likizama mwisho.
Upande wa pili hutoka vipande sawa na kiganja,
vikavu, vyepesi, havina majina.
Alasiri lori huvipeleka Wazo, kwenye tanuri la saruji.

Semeni Mbonde ndiye mwenye kitufe.
Miaka tisa aliokota chupa kwenye mlima huuhuu kwa ndoana;
leo ana kofia ngumu na daftari.
Mashine anaiita Mkwe:
umnyime atanuna, umpe kibaya atakuaibisha mbele za watu.

Jumatano Mkwe alikwama.
Tukadhani nondo. Tukadhani jiwe la kinu.
Semeni akazima, akapiga kufuli, ufunguo akautia kifuani,
akapanda na tochi na kisu cha bucha.

Haikuwa chuma.
Ulikuwa utepe wa kanda ya video,
mwembamba, mweusi, unang'aa kama mgongo wa jongoo,
umejiviringisha kwenye ekseli, mzunguko juu ya mzunguko,
hadi mlaji wa matairi akashindwa kupumua.
Kipande cha kasha kilinasa kwenye jino, wino wa buluu:
Hidaya na Nassoro. Buguruni, 1996.
USIFUTE.

Talaka, au msiba,
au deki tu ilikufa na watu wakazoea.

Tuliukata, tukauvuta kwa vidole, pima kwa pima.
Ngalapa akainua kipande juani, akafumba jicho moja.
"Hamna kitu."
"Wamo," alisema Semeni. "Hawana tu pa kutokea."

Kisha akaukunja wote, akautupa kwenye mzigo unaofuata,
kwani moto haubagui, na lori lilikuwa likipiga honi.
Mkwe akarudi kutafuna.

Jioni msimamizi alipitia daftari.
Safu ya kwanza: muda wa kusimama.
Dakika arobaini.
Safu ya pili: sababu.
Kwa herufi zake za kukwaruza, Semeni alikuwa ameandika:
Harusi.