Daftari la Tanuu

Niliyeandika ni mimi, kwa kuwa Faki
alijua jina lake na tarakimu mpaka mia, basi.
Jalada la buluu, kurasa zimevimba kwa unyevu:
magunia arubaini ya chokaa, Wete;
magunia kumi na manane, ukuta wa madrasa.
Upande wa pili, gharama: ujira wa vijana wawili,
unga, sukari, kutia shoka mpini.
Kuni: sufuri.

Kila ukurasa, kuni: sufuri,
nimeiviringa vizuri kwa mkono wangu.
Nani wa kulipwa? Mkoko hauna mlango wa kubisha hodi,
hauna mtoto wa kumtuma kudai.
Tulishuka maji yakitoka, tukapanda maji yakijaa
na magogo mabichi mabegani,
tukayapanga chini ya mawe, tukawasha.
Siku tatu moshi. Ya nne, chokaa nyeupe pe.
Nyumba hii imetoka humo, siikani:
mabati kumi na sita, na bangili za Mize alipoolewa.

Halafu bamvua moja, Mfunguo Nane,
maji yakapanda bila kishindo,
yakapita kwenye visiki kama mgeni anayeijua njia,
yakavuka tuta, yakaingia konde yangu ya mpunga,
yakalala usiku mmoja tu, yakaondoka.
Mpunga ulikuwa ndio kwanza unatunga.
Siku ya tatu ncha zake zina kutu.
Nikatafuna jani: chumvi. Nikaonja udongo: chumvi.
Kisima cha bondeni kikakataa kutoa povu la sabuni.
Bwana shamba akaja na pikipiki, akachomeka kipimo chake,
akasema: miaka mitatu, mama, mvua ikiwa na huruma.

Ulikuwa umebaki mchu mmoja,
haukukatwa kwa kuwa umepinda vibaya, haupangiki tanuuni.
Nikaketi hapo na hasira zangu.
Jani likaanguka.
Kaa akatoka, akalikamata kwa gando,
akaliburura shimoni mbio
kama mtu anayeanua nguo manyunyu yameshaanza.
Jani linakuwa kaa, linakuwa kinyesi cha kaa, linakuwa tope,
tope linalisha uduvi, uduvi analiwa na chaa,
na chaa ndiye niliyemkaanga juzi nikasema: bahari imenipa.
Bahari nayo ilikuwa imepewa.
Juu, nyuki kwenye viua vya manjano.
Chini, mizizi ya kupumulia imesimama topeni
kama kalamu za risasi, mamia,
kana kwamba mti nao una daftari.

Usiku nikafungua langu, nikafuta sufuri.
Konde moja, pishi mia na ishirini.
Kisima.
Chaa, kila wiki, miaka sita.
Asali ya mkwe wangu.
Nikafika "kulala bila kusikiliza maji," nikakosa bei.
Faki akacheka: unaandika deni lisilo mdai.
Nikamwambia, mdai alikuja na bamvua,
akalala kondeni kwetu, hukumwona?
Hakujibu. Kesho yake shoka lilikuwa darini.

Tulipanda miche mia nne. Ikafa yote ila tisa:
mikoko tuliiweka mahali pa michu,
na mkondo tulikuwa tumeuziba wenyewe
kwa majivu ya tanuu na mawe yaliyokataa kuiva.
Tukaanza upya, safari hii kwa majembe:
tukazibua, maji yaingie na kutoka yapendavyo.
Mbegu zikaja zenyewe, zikielea,
zikachagua pa kukaa bila kutuuliza.

Leo nimehesabu machipukizi thelathini na moja, kimo cha goti,
na kaa wawili wakigombania jani.
Mpunga wa mwaka huu, pishi tatu na kibaba;
una chumvi kwa mbali, tumeula.
Yote nimeyaandika.
Safu ya bei
nimeiacha wazi.