Toleo la Sita

Kampuni ilituletea faili kutoka makao makuu,
kurasa arobaini, jalada la buluu.
Ukurasa wa tatu: mlinzi akague lifti kila saa.
Ukurasa wa tisa: maegesho ya chini ya ardhi yafungwe saa mbili.
Sisi tuna ghala la korosho, Barani, Malindi,
na ngazi moja ya mbao,
nayo hukaguliwa na mchwa.

Nikapewa kalamu. "Mbeyu, wewe ulifika kidato cha nne,
andika kinachofaa."

Nikaandika:
Geti dogo hulia likifunguliwa. Usilitie mafuta.
Siku likinyamaza, kuna mtu amelitia.
Bomba la nyuma, Mama Kadii huchota madumu mawili alfajiri;
mwenye ghala anajua, ila hataki kuambiwa.
Maganda yakishika moto, moshi wake huwasha macho kama upupu:
simama upepo unakotoka,
usijifanye shujaa.

Hakuna agizo lililozaliwa bila mtu kuumia kidogo.
Hilo la ngazi ni goti la Jefwa.
Hilo la kuhesabu magunia yakiwa bado juu ya lori
ni mshahara wangu wa Machi, nusu nzima.
Kila mwaka naongeza mstari, nafuta mwingine,
na unyevu wa masika nao una kalamu yake,
hufuta unapopenda.

Luvuno hasomi. Miaka kumi na mmoja langoni,
hutia sahihi kwa kidole gumba, akacheka.
Faili kwake ni kitu cha kuwekea kikombe.
Nikamtungia, akakariri akizunguka na tochi:

    Dereva umuulize, na uitazame sura,
    Taa usiipunguze, hata mwezi uking'ara,
    Filimbi uipulize, ukihisi tu harara,
    Mbwa usimchokoze, ni mwenzako wa ijara.

Akaniuliza, "Na beti nyingine ziko wapi?"
Nadaiwa hadi leo.

Ila mstari wa mwisho wa faili, ule wa herufi nzito,
nilikuwa siugusi:
Dharura yoyote, mpigie Bwana Tsofa.
Na namba yake.
Bwana Tsofa tulimzika Ganze mwaka juzi.
Toleo la nne likapita, la tano likapita,
nami nalinakili jina lile kama lilivyo,
kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Kisha usiku ule wa maganda.
Luvuno ana filimbi, mimi nina simu,
na vidole, penye hofu, hufuata faili kuliko akili.
Namba ikaita. Ikapokelewa.
Sauti ya mwanamke, nzito kwa usingizi, mbuzi nyuma yake:
"Huyu Tsofa wenu mimi simjui, laini niliuziwa dukani.
Lakini moto uko wapi?"

Yuko Marafa. Ana shemeji Maweni, dereva wa lori la maji.
Sijamaliza kukohoa,
lori likawa getini linapiga honi,
na Luvuno, Mungu ampe umri,
amesimama mbele ya taa zake, mkono juu,
anamuuliza dereva,
anaitazama sura.

Toleo la sita liko tayari.
Lifti nimeifukuza, maegesho nimeyafukia.
Geti bado lilie.
Jina la Tsofa nimelinakili tena,
kisha nikalipiga mstari mwembamba,
lisomeke.
Namba nimeiacha palepale. Pembeni yake:
Sidi, wa Marafa. Si mwajiriwa wetu.
Asipigiwe ila kwa moto.
Korosho za kwanza za msimu, kilo mbili, ni zake;
atakayekuwa zamu azipeleke,
na aandike kitabuni saa aliyotoka.