Dakika Mbili za Nazibrola

Chumba kiko juu ya duka la mikate, Tbilisi,
na joto la tanuru hupenya kwenye mbao za sakafu
hata theluji ya Februari ikibisha dirishani.
Nazibrola anavua koti, viatu, soksi za sufu,
anavua na saa ya mkononi, maana muda si wake tena,
ni wa mwalimu Tengizi.
"Dakika mbili," anasema. "Haya."

Waliosema haraka haina baraka
hawakuwahi kushika mkaa
mbele ya mgongo unaotaka kugeuka.
Huna nafasi ya kope. Huna nafasi ya kucha.
Unateremka na uti wa mgongo
kama mtu anayeshuka ngazi gizani, bila kuhesabu,
na mguu ukikuta sakafu, basi umefika.

Mstari mmoja: bega.
Mwingine, mzito, kidole kikigandamiza:
nyonga iliyobeba mwili wote.
Uso nimeuacha. Karatasi imebaki nyeupe pale,
na weupe ule unatazama chini.

Miaka ishirini na sita alikata tiketi kwenye tramu.
Sikuambiwa; nilikuja kujua baadaye.
Lakini goti lake la kushoto hujikunja kidogo
kama linasubiri kona,
na mkaa uliliona kabla yangu.

Nyumbani nina picha yake ya rangi za mafuta.
Miezi mitatu!
Nilichora kila mkunjo wa shingo,
sikusahau hata kovu la chanjo.
Alipoiona aliuliza kwa adabu,
"Huyu mama ni nani?"

Leo, wakati wa chai, amejitanda shuka,
anapita kati ya karatasi zilizotapakaa sakafuni,
kikombe mkononi, akichunga asikanyage mtu.
Anasimama juu ya yangu, ile ya mistari saba
(wa nane ulikuwa kosa,
nikaufuta kwa kidole, ukabaki kivuli).
Hasemi kitu.
Anahamisha kikombe mkono wa kushoto,
anainua wa kulia, polepole,
anashika bomba ambalo halipo,
na goti lile linajikunja.

Chini, mwokaji anabamiza mlango wa tanuru.
Tengizi anatazama saa.
"Sasa dakika moja."

Nageuza karatasi.
Mkaa umebaki mdogo kuliko jino.
Unatosha.