Mara Ishirini na Nne

Vikombe vimefika na baiskeli ya Khampheng,
sabini na kimoja, vifuniko vyekundu,
jina la kila mtu limeandikwa kwa penseli.
Wino huyeyuka. Penseli huvumilia.
Ni saa moja asubuhi, Ban Nongsai, kusini mwa Laos,
wali wa kunata unafuka mvuke kwenye vikapu vya jirani.
Kahawa yangu nainywea nje.
Humo ndani hakunyweki kitu.

Mama yangu huwaambia wageni, "Sengdao yuko maabara,"
kisha hunyamaza, kama aliyefika ukingoni mwa mto.
Basi niseme mimi: nahesabu mayai ya minyoo
katika mavi ya watu.

Chuja. Jaza kitundu cha kiolezo, sawazisha kwa ukingo wa kijiko.
Funika kwa selofani iliyolala usiku kucha
ndani ya glisirini ya kijani.
Geuza, bonyeza kwa kidole gumba
mpaka herufi za gazeti zisomeke chini yake.
Halafu haraka, kwani yai la safura halina subira:
nusu saa, saa moja, ganda lake limekuwa maji,
nawe utaandika "hana" kwa mtu aliye nayo.
Wangapi wamepona
kwa sababu mpimaji alikwenda kula?

La mnyoo mjeledi hungoja.
Pipa dogo la rangi ya asali,
limezibwa vizibo huku na huku.
Ni zuri. Nimeshasema, msinicheke.

Kidonge kilikuwa kimoja tu, kilimezwa mbele ya mwalimu,
wiki tatu zilizopita.
Kabla, baada. Toa, gawa, zidisha kwa mia.
Kila nyumba imetoa mchango, kwa maana zote mbili,
na mchango dawa imeufagia karibu wote.
Mjeledi ndiye aliyeshika ukuta wa utumbo
kama mpangaji asiyelipa kodi.

Ila kwa Vilaysack, miaka tisa.
Kabla: mayai kumi na tisa ya mjeledi, wala hakuna jingine.
Baada: sufuri.
Niliiandika sufuri ile kwa furaha, duara kubwa.
Kisha hadubini ikasogea upande,
na pale, yai la mchango, limevaa ganda lake la matuta.
Mchango hauanzi kutaga kwa wiki tatu.
Tumbo hili si lile.

Njia ya mwongo ni fupi:
daraja la mianzi, halafu nyumba ya nne.
Alikuwa anapara magamba ya samaki.
"Haikutoka," akasema, macho kwenye kisu.
"Siku mbili nilichuchumaa. Mwalimu alisema
asiyeleta ataharibu hesabu ya kijiji.
Nikamwomba mdogo wangu."
Mdogo wake, miaka minne, hayumo kwenye orodha yoyote,
alisimama mlangoni akitabasamu
kama mtu aliyeshinda tuzo.

Nilimpa kaka kikombe kingine.
Dada nilimpa kidonge na ndizi ya kukisindikiza.

Kesho yake: kumi na tatu.
Mara ishirini na nne, kwa gramu moja, mia tatu na kumi na mbili.
Kabla zilikuwa mia nne hamsini na sita.
Nilifuta sufuri. Penseli huvumilia:
duara bado linaonekana chini ya 13,
na wastani wa kijiji umeshuka, kwa haki yake.

Bibi yao alinifuata hadi darajani.
"Amepona?"
"Yamepungua, bibi. Theluthi, na haijatimia."
Alimtazama mjukuu, akalitazama tumbo,
akanitazama mimi niliyesoma.
"Hiyo theluthi," akauliza, "ni ya upande gani?"

Nilikuwa bado natafuta jibu
Khampheng alipopiga kengele ya baiskeli,
vikombe vya kijiji cha pili vikigongana nyuma yake.