Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Ilikuwa namba B, nyeupe, imeoshwa asubuhi ile
mpaka matairi yamepakwa kiwi kama viatu vya bwana harusi.
Igoma, nyuma ya ghala la pamba lisilo na pamba,
dalali Lukelesha akaipiga boneti makofi mawili:
"Hii, mama, ni kuwasha na kwenda. Bunda, Tarime, popote.
Mwenyewe alikuwa anaendea kanisani tu."

Magari yote ya Mwanza, nimegundua,
yalikuwa yanaendewa kanisani tu.

Nilikuja na Magesa, fundi wa Nyakato,
kijana asiyecheka na chuma.
Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa.
Akagonga milango kwa kifundo cha kidole,
ngo, ngo, ngo, halafu pu:
"Hapa pana puti. Iliwahi kubusu kitu."
Akajilaza chali kwenye changarawe,
nikabaki naona viatu vyake
na sauti inatoka uvunguni: bushi zimekwisha,
sampo ya kushoto inalia machozi,
lakini injini, dada, injini iko salama.

Kilometa zilisema elfu themanini na mbili.
Pedali ya breki, mpira umelika hadi chuma,
ilisema vingine.

Ndani ya dashibodi mlikuwa na daftari la shule,
jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mwenye gari wa kwanza, au wa tatu, nani ajuaye,
aliandika kwa mwandiko wa kulala, wino wa buluu:
Oili. Ukaguzi, stika mpya. Pulagi nne.
Mkanda wa feni.
Leo imekataa kuwaka, nimeisamehe.
Nilimpenda mtu yule.
Kisha Februari, kisha Machi,
halafu Mei ya mwaka uliofuata,
mwandiko mwingine, herufi kubwa, kalamu nyekundu:
OILI. Basi.

Miezi kumi na minne.
"Ilipaki," akasema Lukelesha. "Mwenyewe alisafiri."
Kuna kusafiri na kusafiri.
Kwetu hata mchumba haulizwi jina tu;
watu hutumwa hadi Ngudu wakadadisi
ukoo ule una deni, una kifafa, una ulimi.

Mimi ni wa cherehani. Mkuyuni, mwaka wa ishirini na moja,
sare za shule, mapazia, magauni ya kipaimara.
Chuma sikijui. Kitambaa hakinidanganyi.
Makava ya viti yalikuwa mapya, mshono wa haraka,
uzi wa kahawia kwenye kitambaa cha kijivu:
mtu alikuwa na jambo la kufunika.
Nikakaa kiti cha nyuma, nikavuta mkanda.
Nikavuta tena, taratibu,
kama unavyofumua pindo la sketi ya mtoto aliyerefuka,
nikapita pale abiria anapokomea,
nikapita pale mwosha magari anapokomea.
Mwishoni kabisa, mstari wa tope,
mwembamba, mkavu, umenyooka kama wa chaki yangu.
Nikaukwangua kwa ukucha, nikanusa.
Mirongo. Mto Mirongo siku umekasirika
na kuingia majumbani bila kubisha hodi.

Magesa akatazama mkanda, akatazama injini yake salama,
akafuta mikono kwa muda mrefu.
Lukelesha akaanza kushusha, laki tano, laki nane,
mpaka nikamwonea huruma:
kumbe na yeye aliuziwa kanisa.

Sikuinunua.
Lakini kabla ya kufunga dashibodi
nilitoa kalamu, ile ninayoandikia vipimo vya viuno,
na kati ya Machi na Mei, palipobaki weupe,
nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya:
Maji. Mpaka kwenye viti. Vuta mkanda wa nyuma.

Sikuweka tarehe.
Tarehe wanaijua wenyewe.