Kona ya Ishirini na Nne

Saa tisa usiku, Jesenice.
Kiwanda cha chuma kinahema ng'ambo ya reli,
nami nahema kwenye ukumbi wa hatua kumi na moja,
binti begani kama kigunia cha makaa.
Brina ana wiki tano. Hata arobaini hajatimiza
na keshapindua saa, kalenda na ndoa.

Nimebuni ujanja: naendesha.
Mlango wa jikoni ni kona ya kwanza,
kabati la viatu ya pili, lala kushoto,
dirisha ya tatu, shusha gia, usifunge breki ghafla,
abiria amekunywa.
Barabara ya Vršič ina kona hamsini,
kila moja na kibao chake, na namba yake;
nazijua kama wengine wajuavyo tasbihi.
Kwa kawaida husinzia kwenye ya kumi na tisa.
Leo tumevuka kilele, tumeshuka upande wa pili,
tumerudi, na bado macho mawili
meusi kama oili iliyochoka
yananiuliza: kisha?

Pikipiki yenyewe iko chini,
Jawa nyekundu iliyonizidi umri miaka minne.
Paka wa Bibi Zofka amelifanya tandiko kitanda.
Betri niliipandisha jikoni isigande,
inachajiwa kando ya kipasha-chupa,
taa mbili za kijani; na juzi, kwa usingizi,
nusura niinyweshe betri maziwa.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi,
kazi kulea mwana.
Injini hawakuitaja.
Nayo ina kinyongo: ukiisusa mwezi
hukususa miwili.

Jumamosi Neža akasema: dawa ya tumbo imeisha.
Duka liko mtaa wa tatu, dakika sita kwa mguu.
Nikasema, kwa pikipiki nitawahi zaidi.
Alinitazama kama fundi amtazamavyo mteja
anayeapa kwamba jana ilikuwa nzima.

Teke la kwanza, kimya. La pili, kikohozi. La tano,
moshi wa buluu, na kifua changu kikafunguka.
Dawa nilinunua. Niliitia mfuko wa ndani.
Kisha mkono wa kulia, si mimi, ni mkono,
ukavuta mafuta.
Kranjska Gora ikapita. Theluji kandokando,
njia imefunguliwa wiki hiyo hiyo,
kona za mawe zimelowa, zinateleza kama sabuni.
Saba. Kumi na mbili. Ishirini.
Kwenye ya ishirini na nne, kilele kikionekana,
nililala kulia
na ndani ya helmeti, kutoka kola ya koti,
ikapanda harufu ya maziwa yaliyochacha.
Alinicheulia asubuhi.
Si hofu, si maono. Maziwa tu.
Nikazima. Injini ikapoa, tik, tik.
Nikageuza.

"Foleni," nikasema mlangoni.
Neža alichukua helmeti yangu,
akakwangua kwa ukucha mdudu aliyekauka kwenye kioo.
"Duka la dawa," akasema, "lina kona ngapi siku hizi?"
Hakugomba. Alinipa mtoto,
akafungua kabati la viatu, nyuma ya mabuti ya theluji,
akatoa helmeti yake ya kijivu
niliyodhani tuliiuza alipopata mimba.
Niseme kweli: sikudhani kitu. Sikuuliza.
Na ndiye aliyenifunza kona za mawe,
macho yatangulie, mwili utafuata.
"Atanyonya saa kumi," akasema. "Nitakuwa nimerudi."

Tukasimama dirishani, mimi na Brina.
Teke moja tu, ikawaka. Moja!
Gia ya pili, ya tatu; anabadilisha laini kuliko mimi,
huwezi kusikia pa kuunga.
Mtaa wa duka akaupita.
Brina alitega sikio, mdomo wazi,
na kabla sauti haijamezwa na bonde
akawa mzito begani.
Nilibaki nikihesabu peke yangu.
Dawa iko mfukoni mpaka leo,
muhuri haujakatwa.