Tokeni Ziliisha Sura ya Kumi na Moja

Tokeni ziliisha Mutinda akiwa amemshika Kerubo kiunoni,
midomo imebakiza upana wa unyoya.
Giza. Friji ikakohoa, ikanyamaza.
Nikapapasa simu: salio, shilingi kumi na saba.
Basi nikawaacha papo hapo wamesimama,
nikaingia kitandani na sweta yangu.

Ni Julai. Mwezi huu Nairobi haina jua,
ina taa ya kijivu tu
inayowashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa bila kuaga.

Wasomaji hudhani naandika nimejinyoosha kwenye kochi jekundu,
waridi puani, divai mkononi.
Naandikia jikoni, Buruburu,
kwa kuwa jiko ndilo chumba chenye joto
na maharagwe yakitokota hunihesabia muda:
yakiiva, sura imeisha;
yakiungua, sura imenoga.

Nimefika Nanyuki kutafuta busu la kwenye baridi,
nikarudi na mafua na debe la viazi.
Kisumu nilienda kutazama jua likizama ziwani,
nikaletewa samaki mzima, na ugali, na pilipili ya kusaga,
nikala kwa mikono yote miwili
na sikukumbuka kuinua macho.
Daftarini, pale palipostahili machweo,
pana doa la mchuzi.
Nililiandika hivyo hivyo. Likasifiwa.

Asubuhi Mama Wairegi anakata sukuma
bila kukitazama kisu.
Vitabu vyangu tisa anavyo chini ya meza ya nyanya,
vimevalishwa gazeti visilowe,
na kila sura mpya huisikia yeye kabla ya mhariri.
"Mutinda keshambusu?"
"Stima zilipotea."
Kisu kikasimama.
"Ukawaacha usiku kucha? Kwa baridi hii?"
Akanitupia dania ya bure,
kama mtu anayempa pole
mwenzake asiye na akili timamu.

Mhariri wangu, Bi. Shamim, anataka kifua kipana.
Anataka radi, mvua, kitambaa kinachoteleza begani.
Nami nampa: nina watoto wa kusomesha,
na radi hulipa karo vizuri kuliko manyunyu.

Ila Ombati wangu, Mungu amrehemu,
hakuwa na kifua kipana.
Alikuwa na pasi.
Asubuhi za Julai aliamka kabla yangu,
akazipiga pasi soksi zangu, mbele, nyuma,
taratibu, kama anayenyoosha hati ya shamba,
akaniletea zikiwa moto
kisha akaenda zake kuinama chini ya kitanda
kutafuta kiatu chake cha pili.
Miaka kumi na tisa. Kiatu kile hakikuwahi kukaa mahali pake.

Niliwahi kuliandika hilo, mara moja tu.
Bi. Shamim akapitisha wino mwekundu:
*Soksi hazina mahaba.*
Sikubishana. Nilikuwa natetemeka mkono,
nikasingizia kahawa.

Sasa nimenunua tokeni za mia mbili.
Tarakimu ishirini; nimekosea, nimerudia.
Friji imekohoa, imeamka.
Wapo. Hawajasogea.
Mkono wa Mutinda umekufa ganzi kiunoni mwa mtu,
na Kerubo, ambaye nilimvua viatu ukurasa wa mia na nne
ili apendeze,
amesimama peku juu ya saruji tangu jana,
anahamisha uzito, mguu huu, mguu ule,
wala hanilaumu.

Najua Bi. Shamim anangoja radi.
Nimeinjika maharagwe. Nimeketi.
Vidole vinasema: busu, malizia, pesa ipo.

"Miguu yako," Mutinda anasema, "imekuwa barafu,"
na anamwachilia,
anazunguka akifungua kabati moja baada ya jingine,
anatafuta pasi
katika nyumba ambayo bado sijaiwekea pasi.